Nani Anakula Maharage

Tulipomaliza kumzika mama mkwe wangu na watu wakaanza kushuka kuwahi magari, alinijia mwanamke mwenye ushungi wa kijivu, akitembea polepole kama mtu ambaye mlima umemchosha ila hataki kusema. Akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, mama. Umenisahau?" Sikuwa nimemsahau. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa msibani ambao mtu anakutajia jina lake na wewe unamtazama midomo. Alikuwa Rehema, mtu wa Kihurio, aliyewahi kuwa mtaalamu wa lishe hospitalini Same, na sikuwa nimemwona tangu alipohamishwa. Alisikia habari za msiba stendi, akapanda. Akala wali kidogo, akakaa na wanawake wenzake, kisha akashuka. Binti zangu wakaniuliza yule ni nani, nikawaambia ni yule wa lishe aliyemhudumia bibi yao zamani. Wakatazamana. Kwao mtu wa lishe ni wa kwenye simu, anayewakataza mabibi harusi chapati mpaka gauni liingie. Mkubwa akasema, "Sasa mama, ukienda kwake anakufanya nini? Anakuchoma sindano?" Nikamwambia nitamsimulia nikipumzika. Sijapumzika, na sioni dalili, kwa hiyo naandika hivi hivi nilivyo.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa Mamba nikitokea Ugweno. Ukitazama ramani utasema ni Upare ule ule, kusini na kaskazini. Lakini mimi nilifika sijui Chasu, lugha yao, wakisema haraka naambulia salamu tu, na jina langu likapotea siku ile ile, nikawa "Mgweno". Mume wangu alikuwa migodini, anarudi Krismasi. Nyumbani nilibaki na mama yake na watoto watatu wa wifi yangu, ambaye naye alikuwa kazini Dar. Maisha yangu yote yalikuwa jikoni. Lilikuwa jiko la udongo lililojitenga na nyumba, bati limekuwa jeusi kwa moshi, mafiga matatu katikati, kuni zimepangwa juu ya dari zikauke, na dirisha moja dogo linalotazama mashamba ya tangawizi yanavyoteremka kule bondeni. Humo ndimo nilimotwanga mahindi mpaka ganda likatoka, nikayapepeta, nikayatupia chunguni na maharage, na kuanza kuchochea. Makande hayana haraka. Unayabandika mchana, unakwenda shambani, unarudi, unaongeza maji, unakwenda kisimani, unarudi, bado yanakutazama. Kwetu Ugweno tulikula ndizi zaidi, na mama mkwe hakuacha kunitania. "Mgweno, meno yako yamezoea vilaini. Kaa hapa utafune chakula cha watu." Yeye meno yake yalikuwa kamili, na alijivuna nayo kuliko shamba.

Tulikula kwenye sinia moja, chini, juu ya mkeka. Watoto walikaa kwanza, kwa sababu ndio wenye njaa ya kupiga kelele. Mama mkwe alikuja mwisho, baada ya kufunga mbuzi na kuosha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mimi nilikaa naye. Watoto walikuwa na macho ya kuku. Walichagua maharage, moja moja, haraka, kwa kuwa ni laini na yana utamu, na yale machache yaliyobaki bibi yao aliyasukuma upande wao kwa ncha ya kijiko, bila kusema kitu, huku anatazama pembeni. Sisi wawili tulibakiwa na mahindi tu. Hakuna aliyeona ajabu. Hata leo nikikumbuka sinia lile naona upendo mtupu, na hilo ndilo linalonichosha, kwamba kitu kilichokuwa kinamuumiza kilikuwa kizuri sana kukitazama.

Mwezi ule wa palizi mama mkwe alijikata kidole gumba cha mguu kwenye kisiki. Kidonda kidogo, cha kumwagia maji ukaendelea kulima. Hakikufunga. Tukakiosha kwa maji ya chumvi, jirani akaleta majani, mchungaji akaleta dawa ya kupaka, na kidonda kikawa kinatutazama tu, chenye majimaji, kikipanuka pembeni. Tulipomfikisha hospitali Same wakampima sukari, na daktari hakuzunguka. Alisema huu ni ugonjwa wa kisukari na umeshakaa siku nyingi, kwamba atampa vidonge, ila sukari isiposhuka kidonda hakitapona, na kisipopona watakata kidole. "Na tukianza na kidole, mama, siwezi kukuahidi tutaishia wapi." Mama mkwe alikuwa akitazama miguu yake miwili kwenye sakafu ya saruji. Mtu wa tambarare anaweza kukatwa mguu akakaa barazani akauza nyanya. Kule kwetu, kutoka mlangoni kwenda chooni ni mteremko, kwenda kisimani ni mteremko, na kanisani ni kupanda. Bila mguu ungebebwa kila mahali au ungebaki kitandani ukisikiliza wenzako wakipita. Daktari akasema wiki ijayo arudi kumwona mtaalamu wa lishe, ambaye siku hiyo hakuwepo.

Wiki ile ndipo nilipojua watu wanavyomwogopa mtu wa lishe kuliko daktari wa kisu. Wanawake walikuja kumwona mgonjwa, kila mmoja na habari yake. Mmoja alisema utakatazwa ugali, ndizi, viazi, matunda, utabaki na majani kama mbuzi. Mwingine alisema shemeji yake alipewa karatasi yenye vyakula ambavyo havipo sokoni Same, wala Moshi havipo, akaibandika ukutani akafa nayo. Mama Sifuni, jirani yetu wa karibu, alisema atagombezwa, kwa sababu wale wamesomea kugombeza watu wanene. Mama mkwe hakuwa mnene. Alikuwa amekauka kama fito. Na siku moja nikiwa nateka maji kule kwenye mfereji unaotoka ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, nyuma ya migomba, nikawasikia wanawake wawili wakisema kwa Chasu, polepole kwa bahati mbaya, kiasi kwamba nilielewa kila neno. "Tangu huyo Mgweno ashike chungu, mama wa watu ameanza kuoza mguu." Nilisimama pale mpaka ndoo ikafurika. Niliumia. Chungu nilikishika kweli.

Mama mkwe naye alijiandaa. Wiki nzima hakugusa makande wala chai ya sukari. Alikula mchicha na nusu ya parachichi, akilalamika kwa sauti ya chini, kama mtu anayefagia uwanja kwa ajili ya mgeni asiyempenda. Tuliondoka na basi la alfajiri, tukashuka mpaka Gonja, tukapita Kisiwani kwenye vumbi na mikonge, na alipotelemka Same alikuwa anatetemeka kwa njaa lakini uso umejaa ushindi. Nikamshika mkono. Alikuwa mwepesi.

Chumba cha lishe kilikuwa mwisho wa veranda, kidogo, kina mzani, meza, viti vitatu na feni iliyogoma. Rehema alikuwa kijana kuliko tulivyodhani, labda amenizidi miaka mitano. Aliinuka kitini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akatuuliza tumetoka wapi, na aliposikia Mamba akacheka kidogo, akasema yeye ni wa Kihurio, wa kula wali, na kwamba watu wa mlimani wakishuka kwao mashambani huwa wanaulizia makande kabla ya salamu. Mama mkwe akamjibu kuwa wali ni chakula cha wagonjwa. Akasikia mwenyewe alichosema, wakacheka wote wawili. Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa. Akampima uzito na urefu, akatazama vidonge, akauliza anavimeza saa ngapi na kama anameza kabla ya kula au baada. Akauliza kama macho yanaona vizuri, kama anaamka usiku kukojoa, shamba liko mbali kiasi gani, kuni anakata nani. Hakuuliza haraka, na alipouliza alinyamaza mpaka ajibiwe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, binti zangu, wala hakuna sindano. Mtu anakaa mbele yako anakuuliza maisha yako, na wewe unagundua hujawahi kuulizwa.

"Jana ulikula nini, mama?"

"Mchicha."

"Na juzi?"

"Mchicha."

Rehema akaweka kalamu chini. "Mama yangu, naona umenipikia mimi. Huu ni ugeni. Wiki ijayo utarudi kwenye chakula chako, na mimi sitakuwa nimekisaidia. Niambie cha siku zote. Sitakugombeza, na sitakunyang'anya."

Mama mkwe akanitazama, mimi nikatazama mzani. Kisha akasema makande. Mchana makande, jioni makande, asubuhi yaliyobaki, na chai. Nikaona mabega yake yanashuka, akisubiri hukumu. Rehema akatikisa kichwa kwa kukubali. Alisema makande ni chakula kizuri, hata kwa mwenye kisukari, mradi maharage yawe mengi na kuwe na mboga ya majani pembeni, kwa sababu maharage yanaishikilia sukari isipande kwa pupa. Akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Ngumi moja ya mahindi, kiganja cha maharage, mboga za kujaza viganja viwili. Nikafurahi, nikaanza kujiona nimeachiliwa. Kumbe alikuwa hajamaliza. Alikunja uso kama anayepiga hesabu, akasema, "Ila kwa makande hayo sukari yako isingekuwa hapa ilipo. Mnakulaje? Kila mtu na sahani?"

"Sinia," mama mkwe akasema. "Sisi ni watu."

"Na wanaokula na wewe?"

"Wajukuu zangu. Na huyu."

"Kwenye hilo sinia, mama, nani anakula maharage?"

Feni haikuwa ikizunguka, na nje kulikuwa na mtu anakohoa. Mimi nilijua jibu, lakini mke wa mtoto hamsemei mama mkwe mbele ya mgeni. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analijua. "Watoto. Sasa nani mwingine?"

Rehema hakufurahia kama mtu aliyefumbua fumbo. Alichoka uso. Alisema kwa hiyo wewe unakula mahindi matupu, jioni, kwa njaa ya kutwa nzima, halafu unalala. Akaomba jambo moja tu, akasema mengine yatafuata. Mama apakuliwe sahani yake mwenyewe, kabla watoto hawajakaa. Mama mkwe akasema ndiyo, ndiyo mwanangu, asante sana, Mungu akubariki. Nilimfahamu vya kutosha kujua kuwa hiyo ilikuwa hapana.

Jioni ya kesho yake nilimpakulia. Nilichagua sahani ya bati iliyokuwa nzima, nikaweka mahindi kiasi cha ngumi, nikachota maharage kwa upawa, nikapanga mchicha pembeni, nikamtengea mbele yake kwa mikono miwili na goti moja chini, kama nilivyofundwa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akainuka akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba kubwa. Hakula. Watoto walikula sahani yake. Nilipomfuata alisema, "Katika nyumba hii nimepakua sahani ya peke yake mara mbili tu. Kwa wageni, na kwa baba yenu alipokuwa anakwenda. Alikula peke yake pale chumbani miezi mitatu, anasikia vijiko vyetu uani. Mimi bado nipo, Mgweno. Msinihesabu na wanaokufa." Sikuwahi kumjua baba mkwe. Siku iliyofuata nikapakua tena, akakataa tena, na ya tatu vilevile, na hakusema nami ila kunituma. Mama Sifuni alikuja akaona sahani, akajipiga kofi mdomoni, na habari ikasambaa kwamba Mgweno amemtenga mama wa watu. Kidonda kilianza kunuka. Nilikuwa nakiosha kila asubuhi, yeye ameangalia ukuta, na nilikuwa naogopa harufu ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilimpigia mume wangu, akasema, "Fanyeni mnavyoona," akakata. Kwa hasira zangu za miaka ile nilitaka kupanda gari nirudi kwetu nikale ndizi. Sikwenda, na sikubaki kwa wema. Nilikuwa nimechoka mno kufunga mizigo.

Wazo halikuja kwa akili nyingi. Lilikuja kwa kukasirika. Nilikwenda kanisani, kwenye stoo ya vyombo vya harusi, nikaomba sahani nne, mzee wa kanisa akaniuliza kuna sherehe gani, nikasema ndiyo ipo. Jioni nikapakua sahani tano. Kwa kila mtoto yake, kwa mama mkwe yake, kwangu yangu, zote sawa, mahindi huku, maharage huku, mboga huku. Sinia nililiegemeza ukutani likiwa tupu. Watoto walisimama hawajui wakae wapi. Mdogo kabisa akaanza kulia, akidhani ameadhibiwa. Nikasema kwa Chasu changu cha kubabaisha, "Leo wote ni wagonjwa. Kaeni mle." Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alitazama muda mrefu zile sahani zilizopangwa duara juu ya mkeka, kisha akaja, akakaa mahali pake, akavuta moja. Akala. Alipomaliza akasema, "Sasa tumekuwa wageni wote," na sikujua kama amenisamehe au ameomboleza. Leo nadhani ni vyote viwili. Tangu siku ile hatukula tena kwenye sinia katika nyumba ile. Binti zangu wamekua hawajui kugombea maharage, hawajui kijiko cha bibi kinavyokuja upande wako kimya kimya. Watu wakisifia nilivyomtunza mama mkwe nashukuru, ila huwa nafikiri pia nilichokiua.

Tulirudi kwa Rehema kila mwezi. Haikuwa njia iliyonyooka. Mwezi mmoja sukari ilipanda, akauliza tena kwa subira ile ile, ikabainika mama anapita kwa majirani na kila nyumba anapewa chai yenye sukari ya kumwonyesha heshima, na hawezi kukataa. Hakumkataza kwenda. Walipatana kwamba atatembea na kipande cha tangawizi mfukoni, na akifika aombe maji ya moto tu, aseme ndiyo dawa yake, na mtu wa Mamba hawezi kumbishia mtu tangawizi. Mwezi mwingine alifunga kula kwa kuogopa kipimo, akaanguka shambani, na Rehema alimsema siku hiyo, kwa upole lakini alimsema. Kidonda kiliacha kunuka, kikakauka pembeni, kikarudi nyuma, kikaanza tena. Nilizoea kutotumaini. Hata siku daktari alipofungua bandeji, akabonyeza, akasema, "Hiki kimefunga. Hatukati kitu," mimi niliuliza tarehe ya kurudi. Mama mkwe alivaa kiatu chake mwenyewe. Tukapita chumba cha lishe kuaga, Rehema akamshika mguu kama anashika mtoto mchanga.

Jioni hiyo nilipika kama kawaida, nikapakua kama kawaida. Watoto walishazoea sahani zao. Mama mkwe alikuwa amechoka kwa safari, amenyoosha mguu wake mzima juu ya mkeka, na nikamwona anachukua kijiko, anachota maharage yake, anayapeleka kwenye sahani ya yule mdogo, anatazama pembeni. Miezi yote ile, mlima wote ule, na mkono wake bado ulikwenda kule kule. Nilichota maharage yangu nikamwekea yeye. Akayatazama. Akatazama sahani yangu, iliyobaki mahindi na mchicha, kama mtu aliyeona shimo mahali alipokuwa akipita kila siku.

"Na wewe je?" akasema.

Nikamwambia mimi nimeshiba. Akarudisha nusu ya yale maharage kwenye sahani yangu, akasema nile, akaniita kwa jina langu. Nilikula huku machozi yananitoka, na yeye akawa anawaambia watoto kuwa ni moshi.